Tambuu ya Roshani

"Mia nane, bwana Levi! Jumapili nne nimesugua roshani, mia mbili kila mara. Sikuombi sadaka!"

Levi, meneja wa sinema moja ya Mji wa Kale, alicheka. "Dada Kanze, roshani nimeifunga tangu mwaka jana. Nani huyo apandaye kutema tambuu? Paka?"

"Huyo paka wako ndiye anayewadondoshea wateja mate vichwani!"

Rafiki yangu Kanze ni mfagiaji, na kuitwa mwongo hakubali. Alimkokota Levi hadi juu, akafungua kufuli kwa ufunguo wake wa kazi. Chini, filamu ya kila Jumapili, mojawapo ya zile za zamani za nyimbo na ngoma, ilikuwa imeshaanza.

Roshani ilikuwa giza totoro. Harufu ya chokaa na mate yaliyochacha iliwapiga puani, na nyayo zao zikanata sakafuni. Hapo wakasikia mtu akitafuna, polepole, akifuata mapigo ya wimbo. Wimbo uliposita, kutafuna nako kukasita.

"Toka, mshenzi wewe!" Levi alifoka.

Ptu!

Levi aliwasha tochi ya simu. Roshani ilikuwa tupu. Hata viti vilikwisha kung'olewa. Mate mekundu yenye vipande vya popoo, yangali ya moto, yalimtiririka shavuni mpaka mdomoni. Hatua mbili mbele yao, ndani ya mwanga wa tochi, kutafuna kukaanza tena.

Levi alinyoosha mkono kuomba tambara. Kanze hakumpa.

"Nipe pesa yangu," alisema.