Dua Iliyosubiri Amina

Haya yalimkuta rafiki yangu mshonaji, mwaka uleule aliofiwa na mumewe. Sauti ya marehemu ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kompyuta yake ya mkononi, akiomba dua yao ya jioni. Mke naye alisikika humo akiitikia amina, maana mumewe hakuwa akiendelea mpaka aitikiwe.

Kompyuta ile, ukichomoa waya tu, inazima. Akaipeleka kwa fundi, kwenye kichumba kisicho na dirisha.

"Betri imevimba kama shavu lenye jino bovu, mama," fundi alisema, akaitoa. "Sasa hii inaishi kwa waya. Tuihamishe hiyo sauti kabla haijakata roho."

"Fanya hima, mwanangu. Sina kingine cha kwake."

Fundi akaifungulia kwanza, wahakikishe kuwa ipo. Dua ikaanza. Mara umeme ukakatika mtaa mzima. Feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Giza likawa zito, hata kiganja chako usingekiona. Rafiki yangu akaangua kilio, akidhani sauti imepotea.

Haikupotea. Kioo kilikuwa kimezima, lakini dua iliendelea, taratibu, mpaka ikafika pale pa kuitikia. Amina yake ya zamani haikusikika.

"Fundi, ni ile betri?" akanong'ona.

"Betri ninayo mkononi, mama."

Dua haikuendelea. Kisha kutoka mezani, kwa upole wake wa siku zote, mumewe akamwuliza, "Mbona huitikii?"