Mto Chini ya Goti

Kila asubuhi Mama Tening alichomeka mto chini ya goti la mwanawe. Mto huo wa sufi aliushona mwenyewe.

"Pumzika, simba wangu. Mguu usitikisike."

Latyr, mwanamieleka, alikuwa amepasuliwa goti. Kano lake, ile kamba inayoshika mifupa ya goti, lilikatika uwanjani, na daktari akaweka jingine. Daktari aliagiza mazoezi. Mama Tening akasema mazoezi ni ya wazima.

Ndella, mke wa Latyr, hakuzoea kuona jambo asiulize. Siku moja, akimwosha mumewe miguu, aliuondoa mto. Goti likabaki juu. Akapitisha mkono chini yake, ukapita. Akajaribu kwenye goti la pili, lisilo na jeraha, haukupita.

"Mbona hapa hata paka anapita?"

"Muulize paka," Latyr alijibu kwa kununa.

Ndella alikwenda kumwita jirani, Bi Sibeth, anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Bi Sibeth ni wa kabila la Wajola, watani wa Waserer, kabila la kina Latyr; hutaniana hata kwa kuitana watumwa.

"Hamjambo, watumwa wangu! Mserer anaangusha fahali, kisha anaangushwa na mto?"

Mama Tening hakucheka. "Akiunyoosha mguu, kano jipya litakatika."

"Linakatwa na kuruka na kujipinda ghafla, mama, si kunyoosha taratibu. Uji wa uwele usipokorogwa unakuwaje?"

"Unaganda."

"Basi na goti hivyo hivyo. Likiganda limepinda, atachechemea maisha yake yote."

Latyr aliinua kichwa. Nani amewahi kumwona mchechemeaji uwanjani?

Bi Sibeth aliuvuta mto, akauweka chini ya kisigino. "Goti likae hewani, lishuke lenyewe. Baadaye buruta kisigino kuelekea makalio, polepole. Daktari wako ameruhusu. Likivuta, vumilia. Likivimba na kuwa moto, au shavu la mguu likiuma, hospitali mara moja."

"Mto wangu unatupwa?" Mama Tening aliuliza.

"Umehama tu, mama."

Uwele ulipokomaa, Latyr alikuwa bado hajaruhusiwa kupigana mieleka. Lakini jioni moja alikaa mkekani na wenzake, goti amelikunja, wakala kuskusi katika bakuli moja. Aliposhiba akanyoosha mguu.

Mama Tening alisukuma mkono chini ya goti. Haukupita. Akajaribu kidole.

"Hata siafu hapiti," alisema. Akachukua mto wake, akaenda kuulalia.