Chumvi Yenye Meno

Saa nne na dakika kumi asubuhi, simu ya Tecno ilitetemeka mfukoni mwa Akidi.

Ujumbe ulikuwa na maneno matano.

"Chumvi imeharibika. Onja. Saa sita."

Akaufuta. Akawasha pikipiki yake, Bajaj Boxer.

Katika idara yao isiyo na kibao mlangoni, Akidi aliitwa Kamongo, yule samaki anayelala topeni miezi mizima na asife. Jina lenyewe lilimkera. Alikuwa mwanamke wa kinyaa. Alitembea na kijiko chake, kikombe chake na kichupa cha Dettol. Hata wali wa harusini aliukagua kama trafiki anayekagua leseni. Nao wakubwa, maana Mungu huwapa wakubwa vichekesho vyao, walimtuma siku zote mahali penye uozo.

Leo, chumvi.

Mbele yake, baada ya Kikorongo, Fuso la bluu lilikuwa likikimbilia Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Limebeba mabamba ya chumvi ya Katwe, ile ya kijivu wanayolambishwa ng'ombe.

Ndani ya bamba moja mlikuwa na taya lililoibwa.

Redio ya Motorola ilikoroma sikioni. "Kamongo, unaliona?" Alikuwa afande Karuhanga, mkuu wake, ameketi Kasese kwenye kiti cha kuzunguka.

"Naliona, afande. Mabamba arobaini. Nilisimamishe?"

"Usithubutu. Wabebaji wameambiwa wakiona sare, mzigo wote mtoni. Chumvi itayeyuka, taya litazama, na Edisa anapanda kizimbani saa nane. Bila taya mezani, hatoki."

"Wamemrudishia viatu?"

"Viatu gani?"

"Nilimwona jana. Yuko peku mle mahabusu, afande. Anakanyaga mikojo ya walevi."

"Taya kwanza. Viatu baadaye."

Edisa hakuwa jasusi wala mwizi. Alikuwa mama mwenye magoti mabovu, aliyechimba mifupa ya kale miaka kumi na mmoja kwenye korongo moja nje ya Bwera, ambako watu leo wanapanda mihogo. Mamilioni ya miaka iliyopita pale palikuwa ufukwe. Ziwa lilikuja, likarudi, likaja tena, na kila safari liliacha mchanga, tope na konokono, tabaka juu ya tabaka, mpaka vyote vikawa mwamba.

"Ziwa lilihama bila kuosha vyombo," alimwambia Akidi jana kupitia nondo za mahabusu. "Mimi ndiye ninayeosha."

Mwezi uliopita alikuta taya lenye meno manne. La kiumbe ambaye si nyani, na mtu bado hajawa. Alilifunga kwa pamba kama yai, akalikabidhi kwa Niwagaba, mtunza stoo wa kambi ya uchimbaji. Asubuhi yake taya halipo, na Niwagaba yuko polisi anaapa kwa Biblia kwamba Edisa ameliuza.

Biblia yenyewe aliiazima.

"Nitalijuaje?" Akidi aliuliza.

Edisa akatoa ulimi. "Kwa huu, mwanangu. Jiwe tupu linateleza. Mfupa uliogeuka jiwe una vitundu. Unanyonya mate, unang'ang'ania ulimi. Kila anayejua mifupa hulamba. Hata wazungu wanaoinunua."

Akidi alishika kichupa chake cha Dettol.

*

Saa tano na robo. Mpondwe, mpakani, siku ya soko.

Fuso halikwenda kwenye geti la malori. Liliegeshwa nyuma ya vibanda vya nyama choma, na wanawake arobaini wakaanza kushusha mabamba. Kila mmoja ngata kichwani, bamba juu ya ngata, mguu njia. Mizigo ya kichwani haipitishwi kwenye mashine ya ukaguzi. Mstari ukaanza kutambaa kuelekea darajani.

Ng'ambo, upande wa Kongo, Prado nyeupe ilikuwa inangoja. Akidi alichungulia kwa darubini ya Bushnell. Desmet, mzungu mnunuzi wa mifupa. Suti nyeupe, kofia nyeupe, roho sijui. Alikuwa anakula mguu wa kuku huku akiongea, na vyote viwili vilionekana.

Niwagaba alitembea kando ya mstari akihesabu vichwa. Alijipaka marashi juu ya jasho la siku tatu. Alinukia kama choo kilichotupiwa maua.

Ndani ya kikapu alichobeba Akidi kama mchuuzi mlikuwa na bastola ya Glock, na kifaa kilicholetwa na Kampala kwa sherehe kubwa, cha kuona ndani ya vitu. Alikielekeza kwenye bamba la kwanza. Kioo kikaonyesha ukungu mweupe. Bamba la pili, ukungu. Kifaa kilikuwa kinaona chumvi tu, kama mbuzi.

Saa tano na nusu.

Chumvi imeharibika. Onja.

"Afande," alinong'ona. "Lile neno 'onja'. Lilikuwa fumbo?"

"Fumbo la nini? Onja!"

Akidi alifumba macho. Akaingiza leso ya kujifunga chini ya gauni, akaifanya tumbo. Akashika kiuno, akajikokota hadi kwa mwanamke wa mwisho mstarini, mnene, mcheshi, aliyeitwa Ithungu.

"Dada," Akidi alisema kwa sauti ya mgonjwa, "naomba nilambe kidogo tu. Mtoto ananisumbua."

Ithungu alitazama tumbo. Uso ukamchanua. "Banange! Iko na mimba! Lamba, mama, lamba!"

"Mupe na ya kwangu!" alisema wa mbele yake. "Mutu ya mimba hainyimwi. Ukimunyima, jicho inakuota kipele."

Basi Akidi akalamba.

La kwanza lilikuwa chumvi na mafuta ya nywele. La pili, chumvi na moshi. La tatu lilikuwa limekaa karibu na kuku, na kuku hakuwa na adabu. La tano lilikuwa na unywele. Akidi aliuvuta ulimini polepole, mrefu kama uzi wa fundi cherehani, akamwomba Mungu amchukue palepale.

Mungu alikuwa na shughuli nyingine.

La nane. La kumi. Wanawake walimshangilia kama mpira. "Huyo mutoto itazaliwa na kiu!" Kufikia la kumi na mbili ulimi ulikufa ganzi. Sasa angeweza kulamba pasi ya moto asijue.

Saa sita kasoro dakika kumi. Ncha ya mstari ilikuwa hatua hamsini kutoka darajani.

La kumi na saba lilibebwa na msichana mwembamba. Akidi alinyoosha shingo.

"Ile hapana!" Niwagaba alifika mbio. "Lamba ingine!"

Mstari mzima ulisimama.

"Unanyima mutu ya mimba?" Ithungu aliuliza taratibu.

"Sinyimi. Ile... ile ni chafu."

"Chafu?" wanawake wakapaza. "Amelamba kumi na sita, zote zimetoka chini ya kuku, leo ndiyo uone chafu?"

Ulimi wa Akidi ulikuwa umekufa. Akili haikufa. Mtu aliyemzulia mama wa watu wizi, leo anajali usafi wa chumvi?

"Geuza bamba, mdogo wangu," alimwambia msichana.

Upande wa chini, ulipolala kwenye ngata, jasho la kichwa lilikuwa limefanya kazi tangu kwenye Fuso. Ngata ilikuwa kitambaa cha kale, kimelowa, kinanuka maziwa yaliyochacha. Chumvi ilikuwa imeyeyuka kishimo cha ukubwa wa yai. Katikati ya kishimo palionekana kitu cha kahawia.

Akidi aliweka ulimi hapo.

Ukanasa.

Alivuta. Ukang'ang'ania kama mkopeshaji. Kwa kidole, chini ya ncha ya ulimi, alihisi kingo nne, moja baada ya nyingine.

Meno.

Niwagaba aliona macho yake, akajua. Kisu kilitoka kwenye soksi.

Glock ilikuwa ndani kabisa ya kikapu. Mbali. Lakini mdomo wa Akidi ulikuwa umejaa mate ya mabamba kumi na saba: chumvi, moshi, mafuta ya nywele na kuku.

Akamtemea yote machoni.

Niwagaba alilia kama fisi. Akidi alimkamata mkono, akauzungusha, kisu kikaanguka. Ithungu akamkalia mgongoni, na hapo pingu ilikuwa heshima tu.

"Nilidhani iko mimba!" Ithungu alihema.

"Iko," alisema Akidi. "Usinyanyuke."

Simu ya Niwagaba iliita mara moja, kisha ukaja ujumbe wa Desmet. *Alors, vipi? Iko wapi?*

Akidi alijibu kwa kidole kimoja. *Inakuja. Onja mwenyewe.*

Halafu akachagua bamba la tano. Lile la unywele; nyingine bado zilikuwamo. Akampa msichana alivushe.

Kwenye Bushnell, Desmet alilipokea kama mtoto wa mfalme. Alikwangua kwa kisu kidogo, akalamba. Akageuza, akalamba. Akaligeuza tena, ulimi wote nje, na suti nyeupe yote hiyo. Ghafla akasimama. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akaanza kuvuta kitu chembamba. Akavuta. Akavuta.

Prado iliondoka mlango ukiwa wazi.

Redio ilikoroma. "Kamongo! Chumvi vipi?"

"Nimeonja, afande. Mvueni Niwagaba viatu akifika. Na Edisa apewe vyake sasa hivi."

"Taya likifika mezani..."

"Sasa hivi, afande. Au nitaandika ripoti nzima. Na unywele nitaueleza."

Sauti yake ikasikika kwa mbali: "Askari! Viatu vya yule mama!"

Akidi alisukutua kwa Dettol na maji, akatema, akasukutua tena. Hakuna kilichobadilika. Akalifunga bamba kwa leso, akalibeba mgongoni kama mtoto, akaelekea kwenye Bajaj bila haraka.

"Ee mama!" Ithungu aliita nyuma yake, na mstari mzima ukaanza kucheka. "Umezaa upesi! Ni kijana ao ni binti?"

"Bado hatujajua," Akidi alijibu bila kugeuka. "Lakini meno anayo."