Bordero ya Oktoba, Deni la Julai

Nyumbani kwa Sylvie, mtaa wa Kataki mjini Kalemie, cherehani ndiyo iliyoamsha watu. Saa kumi na mbili asubuhi Sylvie alikuwa ameshaketi, mguu kwenye kanyagio, kitambaa mkononi. Mumewe Lambert alikunywa chai akisikiliza sindano, kisha akaenda kazini stesheni. Kazi yake ilikuwa kuandika saa za treni: imetoka saa ngapi, imefika saa ngapi, imechelewa kiasi gani.

Sylvie alikuwa na tabia moja. Hakuweza kuona nguo bila kuigeuza ndani nje. Hata kanisani alitazama mishono ya gauni la mwanamke wa mbele, wakati wengine wanasikiliza mahubiri. Watu walimcheka, lakini nguo zao walimletea yeye. La ajabu ni kwamba mshonaji huyu mdadisi alikuwa na karatasi zake mwenyewe ambazo hajawahi kuzisoma. Na karatasi hizo ndizo zilizomweka pabaya.

Mwezi wa tano, Papa Barthélemy, mkurugenzi wa shule ya msingi ya jirani, alimjia nyumbani.

"Mama Sylvie, nahitaji iniforme mia moja kwa watoto wa shule," alisema. "Ziwe tayari mbele ya Septemba. Kitambaa utanunua wewe, sisi tutalipa ukileta nguo. Unipe jibu mbele ya mwezi wa sita kuisha. Kama haiwezekani, nitatafuta mushonaji mwingine."

Sare mia moja. Sylvie hajawahi kupata kazi kubwa namna hiyo maishani mwake. Alipiga hesabu: kitambaa, uzi na vifungo, dola mia tano. Hakuwa nazo. Akavaa kitenge kizuri akaenda Coopec Tuinuke, chama cha akiba na mikopo alikokuwa mwanachama.

Huko alipokewa na Mama Claire, mfanyakazi wa mafaili ya mikopo. Mama Claire aliandika jina lake kwenye kompyuta, akasoma.

"Mama Sylvie, dosye yako inaonyesha malipo tatu imechelewa. Na dosye kama hii, komite haiwezi kukupa kredi ingine."

"Tatu ya nini? Mi nalipaka kila mwezi. Tarehe tano nilikuwa hapa hapa."

"Ni kweli. Naona ulilipa. Lakini iko tatu imechelewa."

"Na mwezi ulipita?"

"Tatu."

"Na mwezi wa kumi na mbili?"

Mama Claire akarudi nyuma kwenye kompyuta. "Tatu."

Hasira ilimpanda Sylvie. Lakini kabla haijafika mdomoni, udadisi uliipita mbio.

"Nalipa kila mwezi, na kila mwezi niko na tatu," alisema. "Hii tatu inakula nini, mbona haikufi?"

Mama Claire alicheka. "Uko na mabordero yako? Zile karatasi wanakupa ku kesi, ku dirisha ya kulipia, ukilipa?"

"Niko nayo yote."

"Kwanza usome ile ya mwezi wa kumi. Usome yote, hata maneno madogo. Jumatatu urudi, uniambie umeona nini."

Mama Claire hakupenda kumpa mtu jibu ambalo angeweza kulipata mwenyewe.

Njiani Sylvie aliukumbuka mwaka uliopita. Kabla tu ya mwaka huo kuanza alikuwa amekopa ili anunue cherehani ya pili. Alipaswa kulipa dola arobaini kila tarehe tano, kwa miezi kumi na minane. Lambert alitia sahihi kama mdhamini. Alilipa Januari, Februari na Machi. Halafu ziwa likapanda. Maji ya Tanganyika yaliingia karakana yake karibu na ufuko, yakaloweka vitambaa na kuharibu cherehani zote mbili. Aprili hakulipa. Mei hakulipa. Juni hakulipa.

Na hapo ndipo alipofanya kosa lake kubwa. Hakwenda kusema. Kila aliposikia pikipiki ya mfanyakazi wa Coopec, alipitia mlango wa nyuma akajificha uani kwa jirani. Aliona haya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na deni nalo ni maradhi ya namna yake.

Julai alitengeneza cherehani, akahamia nyumbani, akaanza kulipa tena. Tangu hapo hakuruka hata mwezi mmoja. Moyoni aliamini kwamba yale yamekwisha.

Jumamosi mchana, baada ya ugali na dagaa wa ndakala, alizipanga bordero zote mezani. Lambert alikuwa amekasirika kuliko yeye.

"Hawa watu wanakuchezea," alisema. "Dawa ya deni ni kulipa, na wewe unalipa. Wanataka nini tena? Twende ku nyumba ingine ya kredi. Nitakopa mimi, ku jina yangu."

"Ngojea kwanza, Papa Élysée. Tusome."

Élysée ni binti yao wa kwanza. Siku hiyo alikuwa kwa shangazi yake Moba.

Sylvie aliichukua bordero ya Oktoba. Ilikuwa na tarehe mbili. Hajawahi kuona kwamba ni mbili. Akafuata maneno kwa kidole.

"Siku ya kulipa: tarehe tano Oktoba," alisoma. "Malipo ya mwezi: Julai."

"Wamekosea kuandika," alisema Lambert.

"Labda." Akachukua nyingine. "Siku ya kulipa: tano Novemba. Malipo ya mwezi: Agosti." Akachukua nyingine tena. "Desemba. Malipo ya Septemba. Papa Élysée, muntu hawezi kukosea sawasawa kila mwezi."

"Na hapa chini wameandika nini?"

"Penalite ya kuchelewa, dola mbili." Sylvie alikuna kichwa. "Kumbe njo hii. Mi nilifikiri dola mbili ni ya karatasi."

"Karatasi ya dola mbili? Basi ungeishona gauni."

Sylvie hakucheka. Alikuwa anazipanga bordero upya, kwa tarehe ya pili badala ya ya kwanza. Januari, Februari, Machi. Kisha Aprili, iliyolipwa Julai. Mei, iliyolipwa Agosti. Zilifuatana bila pengo mpaka Februari ya mwaka huu, ambayo aliilipa juzi, mwezi wa tano.

Lambert aliinamia meza. Uso wake ulibadilika polepole, maana alichokiona kilifanana na kazi yake.

"Mama Élysée," alisema, "treni ikitoka hapa imechelewa masaa tatu, halafu ikakimbia muzuri mpaka Nyunzu, haisimame ovyo, haiharibike. Itafika je?"

"Imechelewa masaa tatu."

"Njo hivyo. Ku kila stasyo tunaandika: imechelewa masaa tatu. Tuko tunaandika ukweli. Treni inatembea muzuri, na imechelewa. Yote mbili."

Sylvie alikaa chini. Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa ametembea vizuri, na kwa miezi hiyo yote alikuwa amechelewa. Aliona uchungu, hasa kwa zile dola mbili mbili. Lakini kulikuwa na raha pia, ile raha ya kuugeuza mshono na kuona uzi ulipokatika.

Jumatatu walienda wote wawili kwa Mama Claire. Sylvie alieleza walichokiona. Mama Claire aliitikia kwa kichwa kila neno.

"Umeona muzuri," alisema. "Ukileta feza, haiendi ku mwezi wa leo. Inaenda kwanza ku deni ya zamani zaidi. Ulipoleta ya Julai, iliingia mu shimo ya Aprili. Na Julai yenyewe ikabaki wazi."

"Lakini ku kesi nilisema, ‘Ya mwezi huu,'" alisema Sylvie.

"Muntu wa kesi anapokea feza. Hachague inaenda wapi. Ungeuliza tu: deni yangu inasimama ku mwezi gani?"

Lambert alikohoa. "Na mimi nikienda kukopa ku nyumba ingine ya kredi, ku jina yangu?"

Mama Claire akafungua faili, akawaonyesha sahihi iliyokuwa chini. "Hii si yako, Papa Lambert? Ulisimamia bibi yako. Kuchelewa kwake kunaandikwa na ku jina yako. Na sisi hatuandike kwetu tu. Kila mwisho wa mwezi tunatuma hali ya kredi ku Centrale des risques ya Banque Centrale, daftari ya madeni ya inchi yote. Nyumba zingine za kredi zinaweza kuangalia kule."

Lambert aliitazama sahihi yake kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemtarajia.

"Sasa," aliuliza Sylvie, "miezi yote ile nimelipa haina faida?"

"Iko na faida kubwa. Deni imepunguka, inaonekana. Kama haungelipa kabisa, dosye ingekuwa ya muntu amekimbia. Yako ni ya muntu amechelewa na anaendelea kulipa. Lakini mpaka siku utafikia kalendari, ile ratiba ya malipo yako, tutaandika ‘imechelewa' kila mwezi."

"Nikimaliza, mutafuta ile tatu?"

"Hapana. Kulipa hakufute ile ilipita. Kunaandika mustari mupya chini yake: ‘imelipwa yote.' Ya zamani inabaki miaka kadhaa. Muntu anasoma yote mbili." Mama Claire akafunga faili. "Siku maji iliingia kwako, kama ungekuja kutuambia, tungeweza kukuandikia kalendari ingine. Wengine wa kule ufuko walikuja. Wao hawana tatu."

Neno hilo lilimchoma Sylvie. Aliwakumbuka majirani waliokuwa wakimwona akiruka uani kwao.

"Tufanye nini?" aliuliza.

"Tarehe tano mwezi wa sita njo mwisho wa kalendari yako. Siku ile itakuwa malipo ine: Machi, Aprili, Mei na Juni. Na penalite ya zile tatu. Jumla dola mia moja sitini na sita. Ukilipa yote siku ile, dosye inafungwa. Ukikosa, uombe kwa barua tukupangie. Lakini usinyamaze tena."

Walirudi nyumbani wakihesabu. Sylvie angeweza kupata dola sitini na sita, akishona bila kupumzika. Mia moja ilibaki. Karibu na nyumba Lambert alisimama.

"Mwezi wa sita njo zamu yangu mu likelemba," alisema hatimaye. Likelemba ni mchango wa zamu. Watu kumi wa stesheni walitoa dola kumi kila mmoja, na kila mwezi mmoja wao alipokea zote.

"Ile si ya mabati?"

"Kiangazi imeingia. Mvua haitanyesha mbele ya mwezi wa tisa. Nyumba itangojea. Iniforme haitangojea."

Sylvie alimpenda sana mumewe wakati ule, akashindwa kulisema, akamwambia tu kwamba leo atampikia samaki mbichi.

Tarehe tano mwezi wa sita walilipa dola mia moja sitini na sita. Mama Claire aliwapa cheti kwamba mkopo umelipwa wote. "Mukiweke muzuri," alisema. "Siku dosye ikionyesha vingine, hii njo itasema kwa ajili yenu."

Sylvie aliomba mkopo mpya, na wiki mbili baadaye aliitwa mbele ya kamati ya mikopo. Siku kumi tu zilibaki kabla ya siku ya mwisho aliyoiweka Papa Barthélemy. Mwenyekiti alikuwa mtu mkavu aitwaye Papa Télesphore. Alisoma faili ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama, hapa mwaka uliopita sioni Aprili, Mei na Juni. Kulikuwa nini?"

Zamani Sylvie angetafuta uongo mzuri. Sasa alimwangalia usoni.

"Ziwa iliingia mu atelye yangu, Papa. Mashine ziliharibika. Ile haikuwa kosa yangu. Kosa yangu ni kwamba nilijificha. Niliona haya, sikuja kusema."

"Na unataka tufanye kama hatukuona?"

"Hapana. Muone. Ni kweli, ibaki. Lakini musisimame hapo. Musome mpaka ku mustari wa mwisho."

Papa Télesphore alilowesha kidole, akaendelea kufunua. Alisoma Julai, Agosti, Septemba, kila mwezi na malipo yake, mpaka tarehe tano ya mwezi wa sita. Sylvie alisimama akimngoja. Hakuinamisha kichwa.

Hawakumpa mia tano. Kwa sababu ya ile miezi mitatu, walimpa dola mia mbili hamsini, za kulipa kwa miezi sita. Sylvie alitoka akaenda moja kwa moja shuleni.

"Papa Barthélemy, nitakuletea hamsini katikati ya mwezi wa nane," alisema. "Ukinilipa zile, nanunua kitambaa ya hamsini zingine. Zote zitakuwa tayari mbele ya masomo."

Mkurugenzi alifikiri, akakubali.

Kiangazi chote cherehani haikulala. Tarehe tano Julai Sylvie alilipa malipo ya kwanza ya mkopo mpya, akasimama mbele ya dirisha la kesi akasoma tarehe zote mbili kabla ya kuondoka. Julai na Julai. Watu wa nyuma yake walinung'unika, naye akamaliza kusoma.

Mwishoni mwa Agosti alipeleka sare ya mia moja. Papa Barthélemy alizihesabu mwenyewe, moja moja, akageuza kola ya mojawapo aone mishono.

"Na mwaka kesho, Mama Sylvie?"

"Mwaka kesho pia," alisema Sylvie, na furaha ilimjaa mpaka akashindwa kuificha. "Lakini uniambie mapema, Papa. Ku Coopec hawakimbie. Wanasoma polepole."