Fleshi za Mandazi

Kila alasiri saa tisa, Wayua alimfleshi babake. Alipiga simu, ikalia mara moja, akakata ili babake ndiye apige. Baba yake, Mutiso, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Athi River, alitoka nje mbio na kupiga kwa salio lake, akihofia kuna shida. Kumbe mtoto anataka mandazi!

Baba alimwonya mara nyingi kwamba simu ile ya nyumbani ni ya shida. Wayua alicheka tu. Alikuwa darasa la sita, na kwake njaa nayo ilikuwa shida. Mwishowe baba akachoka. Akiona namba ya nyumbani, aliirudisha simu mfukoni.

Siku moja katika likizo ya Aprili 2004, mama yake, Kasyoka, alikwenda kuuza mboga sokoni Machakos. Yeye hakuwa na simu. Wayua alikuwa akiosha vyombo nyuma ya nyumba yao huko Katelembo aliposikia mdogo wake Maundu, wa miaka mitatu, akikohoa. Alimkuta ameshika chupa ya soda. Masikini, humo mama alikuwa ameweka mafuta ya taa, na mdomo wa mtoto ulinuka mafuta hayo.

Wayua alimpokonya chupa ile. Alikumbuka somo la sayansi: aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Apelekwe na nani sasa? Salio lilikuwa limebaki la kufleshi tu. Akamfleshi baba. Kimya. Akafleshi tena, akaketi mlangoni amempakata Maundu, macho kwenye simu. Baba atapiga, alijiambia, lazima atapiga. Alifleshi mara kumi na moja. Nusu saa ikapotea hivyo, na kifua cha mtoto kikaanza kukoroma.

Hapo aliiacha simu chini, akambeba Maundu mgongoni na kukimbia kwa Bartholomew, mwalimu mstaafu mwenye pikapu kuukuu. Hapakuwa mbali, dakika tano tu. Lakini nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mambo yakiharibika akimbilie huko. Mwalimu alimsikiliza, akaacha jembe pale pale shambani na kuwasha gari.

Hospitalini Maundu aliwekewa oksijeni. Daktari alisema mafuta yameingia mapafuni, wangoje waone. Mama alifuatwa sokoni, akaja analia. Baba alipigiwa simu kutoka hospitalini, akafika jioni akiwa amevaa nguo za kazi. Wayua alitazamia kofi, na moyoni aliona anastahili. Baba aliketi kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono.

"Niliziona zote kumi na moja," alisema. "Nikasema ni mandazi."

Wayua aliangua kilio.

Siku ya tatu Maundu alipumua vizuri na kudai uji. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, familia iliketi mezani pamoja na Mwalimu. Walikubaliana kwamba fleshi tatu mfululizo ni za hatari tu, na anayeziona aache kila kitu apige. Asipopiga upesi, usimngoje, kimbia kwa Mwalimu. Shangazi yao aliyeko Masinga, mwenye simu, ndiye atakayepewa habari, ili kila mmoja aulize kwake. Wayua aliandika namba zote kwa chaki nyuma ya mlango. Mafuta ya taa yalihamishiwa kwenye mtungi wenye kifuniko, juu kabisa ya kabati.

Kisha Mwalimu akawatazama baba na binti. "Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Wewe Wayua uliipuliza kwa mandazi, na wewe Mutiso ukaizoea bila kuweka mpango mwingine. Mwito wa shida hauchezewi, na familia hujipanga kabla shida haijabisha hodi."

Jumatatu saa tisa, simu ilikaa kimya mezani. Jioni baba aliingia na mfuko wa mandazi ambayo hakuna aliyeyaitisha. Wayua alichukua moja, akammegea Maundu kwanza.