Picha Iliyomezwa na Printa

Kila siku akitoka shule, Profesa alipitia kwenye duka la shangazi yake la kuchapa barua na kutoa nakala. Alifagia, akapanga karatasi, akapangusa vumbi kwenye kibodi. Jina la Profesa alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa kujifanya anajua kila kitu. Mwalimu alipofundisha vifaa vya kompyuta, wenzake waliandika, yeye akapiga soga. Afundishwe nini, na shangazi yake ana duka zima la mashine?

Siku hiyo baba alikuwa ameleta picha ya marehemu mama. Ilikuwa hiyo hiyo moja, hakuna nyingine. Mama alifariki kitinda mimba wake akiwa bado ananyonya, na sasa mtoto huyo alikuwa haishi kuuliza mama alifananaje. Baba alitaka nakala kubwa ya kutundika ukutani. Shangazi alisema mtu asiiguse, anakwenda kununua wino, atarudi sasa hivi.

Profesa hakungoja. Si printa ndiyo inayotoa picha? Akaichomeka picha kwenye trei ya printa, akabonyeza. Mashine iliivuta, ikakwama, ikakoroma. Alipoivuta kwa nguvu, mkononi alibaki na kidevu na mabega tu. Macho ya mama yalikuwa yamebaki ndani.

Akakificha kile kipande ndani ya daftari, na shangazi aliporudi akamwambia upepo umeipeperusha picha nje. Maskini shangazi akahangaika barabarani hadi jua likazama. Baba alipopewa habari hakugomba. Alikaa kitini, akautazama ukuta alipotaka kuitundika, na hilo lilimchoma Profesa kuliko fimbo.

Kesho yake printa iligoma, akaitwa fundi. Aliifungua, akachomoa kipande kilichokunjamana, kimejaa madoa ya wino. Shangazi alimtazama Profesa. Profesa akaangua kilio, akatoa daftari, akasema yote.

Fundi alivinyoosha vipande taratibu, akavilaza juu ya kioo cha skana.

"Hii ndiyo inayoingiza," alisema. "Skana, kibodi, kipanya, kamera, vyote vinapeleka habari ndani ya kompyuta. Printa, skrini na spika kazi yao ni kutoa. Printa hii haina jicho, mwanangu. Ukiipa picha, kwake hiyo ni karatasi tu."

"Kutojua si kosa lako kubwa," shangazi akasema. "Ungeniambia jana, baba yako asingelala na uchungu ule. Usipojua uliza, na ukiharibu sema."

Shangazi alifuta madoa na kuunganisha vipande kwenye skrini, printa ikamtoa mama mzima. Ila mstari mwembamba uliokatiza kidevuni haukufutika.

Jioni picha ikatundikwa. Kitinda mimba aliitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe mama alikuwa na kovu?" akauliza.

Profesa akapiga magoti kando yake. "Hakuwa nalo," akasema. "Hilo nimemtia mimi." Kisha akaanza kumweleza.