Kigari cha Mirihi

Stendi ya Iringa ilikuwa imefurika abiria pale kigari chenye magurudumu sita kilipokata kona ghafla na kumgonga Muhidini mguuni. Muhidini, fundi samani wa Mafinga, alikuwa akisubiri basi.

"Samahani, kaka!" Msichana alikuja mbio, baibui jeusi likipepea juu ya raba nyeupe. Jina lake Ruwaida.

"Dada, kimenichagua chenyewe. Kinakwenda wapi?"

"Mirihi," alijibu bila kutabasamu. "Nasoma uhandisi Mbeya. Kamera hii inatazama jua. Kigari kikijua saa, na jua liko upande gani, kinajua kaskazini ni wapi. Humu paa limeliziba, kimepotea."

"Si ungekifungia dira?"

"Kule hakuna sumaku ya kuongoza dira."

Muhidini akacheka, akaomba namba. "Kikipotea tena, nipigie."

Tangu hapo simu hazikupoa.

"Mama Mirihi, umekula?"

"Nitakula ukija Mbeya, mpenzi."

Jioni moja, katikati ya maongezi, Ruwaida akasikia sauti ya mwanamke upande wa pili: "Mume wangu, chai inapoa!" Akakata simu, akamblock, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Siku ya mashindano ya vyuo ya vigari vya Mirihi, wingu zito liliufunika uwanja mjini Iringa. Kigari chake kilisimama tuli kama kimekufa. Majaji wakaanza kutazama saa.

"Jua hilo!" mtu akapaza sauti.

Mwanga ukamwagika uwanjani. Kigari kikageuka polepole, kikasita, kisha kikapenya katikati ya mawe moja kwa moja hadi kwenye bendera. Watu wakalipuka kwa vifijo! Ruwaida aliruka, akageukia ilikotoka ile sauti. Muhidini, shati limenyooka kwa pasi, alikuwa amemshika mkono kikongwe mwenye khanga.

"Huyu ndiye mke mwenzangu?" kikongwe akauliza. "Kumbe mzuri hivi! Mume wangu hapati usingizi kwa ajili yako."

Ruwaida akaziba mdomo. "Ni bibi yako?"

"Ndiye aliyenilea. Usingeniblock, ungejua."

"Nisamehe, Muhi. Wivu ulinipanda."

"Nitakusamehe ukiniruhusu nipeleke posa kwa baba yako Mbeya."

Ruwaida akacheka. "Lete kesho."

"Kesho? Mbeya?"

"Kwani mabasi yameisha?"

Bibi akakaza khanga yake, akauliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi.